Barua juu ya Matumaini, na Mlango wa Bakhita



Mwaka 2025 Eklezya nzima ilifanya Yubilei ya Matumaini. Papa Fransisko alifungua Mlango Mtakatifu kule Roma usiku wa tarehe 24 Desemba 2024. Siku arobaini hazijatimia, mji wa Goma ukaanguka mikononi mwa M23, mwishoni mwa Januari. Na katikati ya Februari Bukavu nayo ikafuata. Basi sisi watu wa Kivu tuliimba nyimbo za Yubilei huku tukihesabu nani amelala wapi. Kambi zilizozunguka Goma zilifumuliwa, watu wakajitwika magodoro na sufuria kurudi vijijini, na wengi hawakujua kama nyumba zao bado zina paa.

Katika mwaka kama ule mtu wa kufundisha hutafuta kitabu cha kumsaidia, maana maneno yake mwenyewe yamekwisha. Wengi tulirudia barua ya Papa Benedikto XVI iitwayo Spe salvi, aliyoitia sahihi tarehe 30 Novemba 2007. Jina lake limetoka kwa Mtume Paulo, barua kwa Waroma, sura ya 8, pale anapofundisha kwamba tumeokolewa katika matumaini. Ni barua yenye namba 50. Lakini tuseme kweli: wengi wetu tunatumia namba moja tu, namba ya 3, inayosimulia maisha ya Mtakatifu Josephine Bakhita. Zile 49 tunaziachia mapadri.

Leo nataka kuitazama barua hii kama mtu anavyotazama nguo sokoni. Anaigeuza ndani na nje, anavuta mshono, na hafanyi hivyo kwa kuidharau, bali kwa sababu anataka kuinunua na kuivaa. Kama yuko atakayesema, katekista gani huyu anayepima barua ya Papa, nitamjibu kwamba seminarini tulifundishwa kusoma, na kusoma ni kuuliza.

Swali lenyewe lakini halikutoka kwangu. Jioni moja katika shirika letu nilisimulia habari za Bakhita. Nilieleza jinsi alivyoibwa akiwa mtoto, jinsi alivyouzwa na kupigwa, jinsi alivyofika Italia na kumjua Mungu, na jinsi alivyokataa walipotaka kumrudisha Sudani. Nilisimulia vizuri, au nilijiona hivyo. Palikuwa na mama mmoja ameketi karibu na mlango. Alipata kukaa porini mikononi mwa watu wenye bunduki, muda ambao yeye mwenyewe hautaji, na mmoja wao anajua nyumba anamolala sasa. Akasema: «Mwalimu, samahani. Huyo Bakhita alikataa kurudi. Vema. Lakini nani alisimama mlangoni?»

Nikamjibu kwamba Bwana Yezu alikuwa pamoja naye.

Akasema: «Ndiyo, Mwalimu. Bwana Yezu alikuwa pamoja na mimi pia. Mimi naulizia mtu.»

Sikuwa na la kusema. Tulifunga sala, nikarudi nyumbani, nikaifungua barua tena kwenye mwanga wa simu, maana umeme ulikuwa umekatika. Namba ya 3 haijibu swali lile. Nilipoona kwamba haijibu, ndipo nilipoanza kuisoma kweli.

Tuitazame kwanza ilivyo. Papa anaeleza kwamba Bakhita alizaliwa Darfur yapata mwaka 1869. Yeye mwenyewe hakuijua tarehe. Akiwa na umri wa miaka tisa alitekwa na wafanya biashara ya watumwa, akauzwa mara tano katika masoko ya Sudani. Mwishoni akawa mtumwa wa mama na mke wa jemadari mmoja, waliokuwa wakimchapa kila siku hata damu ikatoka. Barua inahesabu makovu 144. Mwaka 1882 alinunuliwa kwa ajili ya konsuli wa Italia, Callisto Legnani, na nguvu za Mahdi zilipokaribia akapelekwa Italia.

Jina Bakhita ni la Kiarabu, na maana yake ni mwenye bahati. Walimpa wale wale waliomwiba, kwa dhihaka. Jina alilopewa na wazazi wake alikuwa amelisahau kwa hofu. Neno letu bahati limetoka katika shina hilo hilo. Na huku kwetu akina Bahati ni wengi, kila mtaa.

Sasa Papa anafika kwenye neno ambalo juu yake ameijenga habari yote. Kule Italia Bakhita alijifunza lugha ya watu wa Venezia, na katika lugha ile alimwita Mungu kwa neno paron, yaani bwana, mwenye mali, mwenye watumwa. Alikuwa amejua mabwana wa mjeledi. Sasa akasikia kuna Bwana juu ya mabwana wote, aliyemwumba, anayemjua na kumpenda, na aliyekubali mwenyewe kuchapwa. Hapo ndipo matumaini yalipozaliwa ndani yake. Kabla ya hapo alikuwa akitumaini tu kwamba bwana wa kesho hatakuwa mkali kama wa jana. Sasa akajua kwamba anangojewa na upendo, lolote litakalompata.

Wazungu wanahitaji kuelezwa neno lile paron. Sisi hatuhitaji. Kiswahili chetu cha Kongo kiliingia na misafara ya pembe na watumwa, ile ya Tippo Tip na wenzake, na watu wakakiita Kingwana, lugha ya waungwana, ya wale wasio watumwa. Bwana alikuwa mwenye msafara. Neno hilo hilo lilichukuliwa kumwitia Kristu, na tunalitamka kila Misa bila kushtuka. Kumbe kila tunapolitamka tunafanya kama Bakhita: tunamnyang'anya mwenye mnyororo jina lake, tunampa Yule aliyechapwa. Kwa jambo hili namba ya 3 ni lulu, nami sitaki mtu aiguse.

Lakini mlango?

Nilitafuta habari zake katika maandishi mengine. Konsuli alimwachia Bakhita familia ya Michieli, waliokaa Mirano karibu na Venezia, naye akawa mlezi wa binti yao mdogo. Michieli alikuwa na hoteli huko Suakin, kwenye Bahari ya Shamu. Mama mwenye nyumba aliposafiri kwenda huko, mtoto pamoja na mlezi wake waliachwa Venezia katika nyumba ya masista Wakanosa, nyumba ya wakatekumeni. Ndugu zangu makatekista, mmesikia? Nyumba ya wakatekumeni! Bakhita hakupata yale maneno juu ya Bwana mpya katika ndoto. Alifundishwa kwa miezi, somo baada ya somo, na sista mwenye saburi.

Mama Michieli akarudi kuwachukua wote wawili waende Suakin. Bakhita akasema haendi. Mama yule akasihi, akakasirika, akasisitiza kwamba ni mtu wake. Masista hawakumtoa. Habari ikapelekwa kwa Patriarka wa Venezia na kwa mwendesha mashtaka wa mfalme. Tarehe 29 Novemba 1889 tribunali ikatangaza kwamba sheria ya Italia haitambui utumwa, kwa hiyo Bakhita ni huru na atakwenda apendako. Majuma sita baadaye, tarehe 9 Januari 1890, alibatizwa.

Barua ya Papa inaitaja tarehe ya batizo. Inaitaja hata tarehe ya nadhiri zake huko Verona, 8 Desemba 1896. Tarehe ya 29 Novemba haimo. Masista waliosimama mlangoni hawamo. Tribunali haimo. Barua inasema tu kwamba alikataa kurudishwa, hakutaka kutengwa tena na Bwana wake. Basi, msomaji anadhani inatosha mtu kukataa.

Hapa nataka kuwa mwenye haki. Papa hakukusudia kuandika maisha ya mtakatifu. Alitaka kuonyesha kwamba matumaini ya Mkristu hayatoki katika hukumu ya tribunali, na katika hilo hakukosea. Siku Bakhita aliposema haendi, hukumu ilikuwa bado. Hakujua itakuwaje. Huyu ni mtu aliyefundishwa kwa mjeledi tangu utoto kusema ndiyo, na ghafula anasema hapana mbele ya mwenye nyumba. Kinywa kile kilifunguliwa na imani, si na sheria. Lakini kinywa kikisema hapana na mlango uko wazi na hakuna mtu, yule mama anamshika mkono na kumpeleka melini, na sisi leo hatungekuwa na mtakatifu wa kumsimulia.

Kuna jambo tena lililonishangaza zaidi. Mara baada ya Bakhita, katika namba ya 4, Papa analeta habari za Onesimo, mtumwa aliyetoroka, ambaye Mtume Paulo alimrudisha kwa Filemoni pamoja na barua, akimwomba ampokee kama ndugu. Papa anafundisha kwamba Yezu hakuja kama Spartako kuongoza vita vya watumwa, alileta kitu kikubwa zaidi kinachogeuza maisha kutoka ndani. Sawa. Lakini tazameni: Onesimo amerudishwa, Bakhita hakurudishwa. Wote wawili wamewekwa ukurasa mmoja, na barua inapita katikati yao kama haikuona kitu. Paulo aliweza kumrudisha Onesimo kwa sababu alimjua Filemoni, alikuwa mtoto wake katika imani, na alijitia mdhamini wa deni. Kwa Mama Michieli hapakuwa na mdhamini. Mtu wa kutuliza roho za watu, padri au katekista, angepaswa kujua tofauti hii kuliko kitu chote: yupi wa kurudishwa na barua ya upatanisho, na yupi wa kufungiwa mlango nyuma yake asalimike. Natamani Papa angetusaidia hapo. Tukikosea, mtu anakufa.

Na sisi tumekosea. Tunapenda kunukuu jambo lingine la Bakhita, ambalo halimo katika barua hii: kwamba kama angekutana na wale waliomteka angepiga magoti na kuwabusu mikono, maana bila wao asingekuwa Mkristu wala sista. Ni neno la mtakatifu. Lakini alilisema akiwa sista, nyumbani mwa masista, bahari ikiwa katikati yake na watekaji. Mimi nililichukua neno lile nikalipeleka kwa watu ambao watekaji wao wanapita barabarani Jumamosi. Nililisema kwa mdomo wangu mwenyewe katika mafundisho ya Kwaresima. Sitalisema tena namna ile.

Mababu zetu wa imani upande wa ziwa Tanganyika walijua habari ya mlango. Mapadri Weupe walipofungua misioni zao pande zile katika miaka ya 1880, Kibanga, Mpala, Karema, watu wa kwanza waliokaa kwao walikuwa kwa sehemu kubwa watoto na watu waliokombolewa kutoka misafara. Si kwamba nyumba zile zilikuwa peponi. Aliyekombolewa aliweza kujikuta chini ya bwana mwingine mwenye kanzu, na hilo tusilifiche. Hata hivyo huko ndiko aliko Adrien Atiman, mtoto aliyeibwa pande za Timbuktu, akakombolewa na mapadri jangwani, akasomeshwa uganga huko Malta, akaja Karema kuwa katekista na mganga hata kufa kwake mwaka 1956. Zaidi ya miaka sitini alitibu watu. Aliyefunguliwa mlango akawa mlango.

Sehemu ya katikati ya barua nitaipita upesi. Papa anazungumza na Francis Bacon, Kant na Marx, anaonyesha jinsi Ulaya ilivyoweka tumaini lake katika elimu na siasa, na jinsi tumaini hilo lilivyochoka. Ni ugonjwa wa nyumba nyingine, ingawa sisi nasi tulipata homa yake tarehe 30 Juni 1960, tukidhani kwamba kesho yake kila kitu kitakuwa kizuri. Msomaji mwenye nafasi aisome. Mwenye kushika jembe aende namba ya 32.

Maana kuanzia pale barua inakuwa yetu. Papa anataja shule ambamo mtu hujifunza kutumaini. Ya kwanza ni sala, na shahidi wake ni Kardinali Nguyen Van Thuan wa Vietnam, aliyefungwa miaka 13, na miaka 9 kati ya hiyo akiwa peke yake. Ya pili ni kazi na mateso. Kusoma sehemu hii mtu wa Goma anamkumbuka Mwenye Heri Floribert Bwana Chui, aliyekuwa mkaguzi wa bidhaa mpakani. Alikataa rushwa ili asiruhusu vyakula vilivyoharibika viingie kuliwa na watu, wakamwua Julai 2007, miezi michache tu kabla ya barua hii kutiwa sahihi. Alitangazwa Mwenye Heri huko Roma tarehe 15 Juni 2025, mji wake ukiwa mikononi mwa wenye silaha. Huyo naye alisimama mlangoni. Ulikuwa mlango wa forodha, na wale aliowakinga hawakujua hata jina lake.

Shule ya tatu ni Hukumu ya mwisho, namba ya 41 hadi 48. Huu ndio moyo wa barua, na ndio sehemu ambayo sijasikia ikihubiriwa hata mara moja. Tunaogopa. Tunadhani Hukumu ni ya kutishia walevi na wazinzi. Papa anasema kinyume: Hukumu ni mahali pa matumaini. Kwake hoja iliyo na nguvu kuliko zote za kuamini uzima wa milele ni haki, maana haiwezekani udhalimu wa dunia hii uwe ndio neno la mwisho. Na anatamka wazi kwamba neema haifuti mambo kana kwamba hayakutendeka. Katika karamu ya Mungu mwovu hataketi tu kando ya yule aliyemtesa, wakala pamoja, na habari ikaisha.

Wasomaji wa Kivu, nani kati yetu hajaiona karamu ya namna ile hapa duniani? Mara ngapi mwenye bunduki wa jana ameketi mezani baada ya mapatano, akapewa nyota begani, na aliyemchomea nyumba anamwona akipita na gari? Mwaka 2010 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti iliyoorodhesha matukio 617 ya ukatili yaliyotendeka Kongo kati ya 1993 na 2003. Daktari Denis Mukwege, aliyepewa tuzo ya Nobel mwaka 2018, amedai tribunali kwa miaka mingi. Ripoti iko, tribunali haiko. Kwa watu kama hawa, kusema kwamba Mungu atahukumu si kuwatisha. Ni kuwaambia kwamba yuko mmoja aliyeandika.

Papa anakumbusha pia desturi ya makanisa ya kale. Upande wa mashariki walimchora Kristu Mfalme ajaye, na ukutani upande wa magharibi wakachora Hukumu, ili watu waione wanapotoka kurudi kwenye kazi zao. Kwa hiyo Mkristu wa zamani alitoka kanisani akiitazama Hukumu usoni. Ajabu yangu ni kwamba barua iliyoona mlango ule wa kanisa haikuuona mlango wa masista Venezia. Ingeviweka pamoja, ingesema jambo ambalo sisi tunalihitaji sana: anayengoja Hukumu ya Mungu kwa kweli hawezi kukaa kitako mtu anapovutwa mkono mbele yake. Masista wale hawakuingoja Siku ya mwisho ili Bakhita awe huru. Walikwenda kwa mwendesha mashtaka.

Nilirudi kwenye shirika na jibu langu. Nikaeleza habari ya nyumba ya wakatekumeni, ya Mama Michieli na hasira yake, ya Patriarka, ya tarehe 29 Novemba 1889. Yule mama alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza masista walikuwa wangapi. Nikasema sijui. Akanyamaza kidogo, akasema: «Basi walikuwa zaidi ya mmoja.» Wajane wawili wa shirika wakatazamana, na tangu juma lile analala kwao, zamu kwa zamu.

Sitaki mtu afikiri kwamba shida imekwisha. Yule anayejua nyumba alimokuwa akilala atajua na hii. Jumanne ijayo tunaanza kusoma namba ya 41. Amesema atakuja, ila ameomba tukae ndani, mlango ufungwe, na mtu mmoja abaki nje kuangalia barabara. Kiongozi wa shirika amechukua zamu ya kwanza, ya pili ni yangu.